BARUA YA WAZI KWA WAKUBWA WA TANGA: VITA YA NYUKI ILIPIGANWA KWETU, TUWEKEENI BASI HATA KIBAO

Shikamooni wakubwa zangu.

Nawaandikia nyinyi wote mnaohusika na kumbukumbu za zamani hapa jijini kwetu, wa jiji, wa mkoa, wa mambo ya kale, wa utalii, na yeyote yule anayetunza ufunguo wa geti lolote ambalo ndani yake kuna kaburi la vita. Sijui barua hii ilitakiwa ianzie kwa nani, nimeulizia nikaambiwa nenda kwa mtendaji, mtendaji akaniambia hayo mambo yapo juu yake, huko juu nikaambiwa anayehusika yupo semina Dodoma. Sasa nimeona niiweke hapa hapa hadharani, atakayesoma akaona inamhusu basi ndo yeye.

Mi ni dereva wa bajaji. Sio msomi wa historia wala sio mwongoza watalii mwenye kitambulisho shingoni, mi napakia watu na mizigo yao, Kange mjini, mjini Raskazone, Raskazone Chumbageni, ndo maisha yangu. Lakini mtu akiendesha bajaji Tanga miaka kumi na nne, atake asitake anakuwa mwongoza watalii, kwa sababu mgeni akishuka kwenye basi mtu wa kwanza kumuuliza swali ni mimi, hamuulizi mkuu wa idara.

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili msije mkasema nawasema nyinyi tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja mwaka juzi, vuli zimeanza, nipo Kange nasubiri basi la Dar. Akashuka mzungu mzee, kofia kubwa ya jua, begi moja mgongoni, miguu myembamba kama ya korongo. Kiingereza changu ni cha kuhesabia hela na kuelekeza hoteli, zaidi ya hapo nababaisha. Yule mzee akawa anasema bii, bii, batoo, alafu anapunga mikono juu ya kichwa kama mtu anayefukuza nyuki. Nikasema aah, nimekupata mzee wangu, unataka asali. Nikamkimbiza mpaka sokoni Mgandini kwa jamaa mmoja anayeuza asali ya Handeni kwenye chupa za maji, nikamwambia yule jamaa mpe ile nzuri usimpe ya juzi.

Mzungu akaangalia chupa, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akashika meza. Alafu akafungua begi akatoa bahasha, ndani kuna picha ya zamani imekuwa rangi ya chai, kijana kavaa sare na masharubu yake, nyuma imeandikwa Tanga 1914. Ilibidi nimwite binti wa duka la dawa la jirani aje kutafsiri. Kumbe yule kijana wa kwenye picha ni babu mzaa babu yake, alikufa hapa hapa Tanga kwenye vita ambayo wenyewe huko kwao wanaiita vita ya nyuki, na huyu mzee kasafiri toka Uingereza kuja kuona sehemu yenyewe kabla naye hajafa. Anauliza, vita ilipiganwa wapi?

Binti akanigeukia. Nikamwambia mwambie sijui.

Mi nimezaliwa Makorora, nimesoma hapa, nimeoa hapa, babu yangu kazikwa hapa. Mtu katoka ng'ambo anajua mji wangu ulipigwa mwaka gani na mimi namuuzia asali.

Tukatafuta tafuta, tukauliza watu, mwishoni tukafika sehemu yenye makaburi ya vita, siitaji ipi maana sina nia ya kumwaga unga wa mtu. Geti limefungwa na kufuli. Mama mmoja anayeuza mihogo hapo jirani akatuambia mwenye ufunguo kaenda msibani Muheza, labda kesho, labda kesho kutwa. Namba ya simu ya kumpigia haipo, haijaandikwa popote. Yule mzee akavua kofia akasimama pale kwenye nondo za geti, anasoma mawe kwa mbali, anakunja macho, jua la saa nane linampiga kichwani, hana hata nywele. Nikasimama naye dakika kama ishirini hivi. Kesho yake asubuhi alikuwa na ndege ya kurudi Dar. Sisi tunajisifia Tanga waja leo waondoka leo, haya, yule alikuja leo akaondoka kesho na ndani hajaingia.

Nauli ya siku ile sikumtoza, na wala sio ukarimu, ni aibu.

Baada ya hapo nikasema hapana, lazima nijue. Ngamiani kuna mwalimu mmoja mstaafu anakaa baraza kila jioni na redio yake, nikawa namletea kahawa na kashata ananihadithia, na mengine nikawa nasoma mwenyewe kwenye simu usiku. Ngoja niwape kwa kifupi kidogo, kwa sababu nina wasiwasi hata baadhi yenu wakubwa mnaijua nusu nusu kama nilivyokuwa mimi.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli ya kivita ya Waingereza inaitwa Fox ikaingia kwenye bandari yetu, nyuma yake kuna msafara wa meli zimejaza askari kama 8,000, wengi wao Wahindi waliotolewa Bombay, wamekaa baharini zaidi ya wiki mbili wengine wanatapika njia nzima. Nahodha akamwambia Mjerumani wa serikali aliyekuwa anasimamia mji ajisalimishe, alafu akamuuliza eti bandarini kuna mabomu ya majini? Yaani unakwenda kuvamia nyumba ya mtu unamuuliza mwenyewe kama mbwa yupo. Mjerumani akapata muda wake, akatuma habari bara. Waingereza wakashusha watu usiku kule Raskazone kwenye mikoko na mawe, badala ya kushuka pale mjini palipo wazi.

Huku Wajerumani wanapakia askari kwenye treni ya Usambara, reli ile ile iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, wanawaleta mbio kutoka Moshi. Kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck akashuka usiku wa manane wa kuamkia tarehe 4, mnajua alishuka wapi? Kange! Pale pale tunapogombea abiria leo. Na mnajua aliingiaje mjini kuangalia hali? Kwa baiskeli. Mwalimu aliponiambia hilo nilicheka sana, kumbe hata vita ya kwanza ya dunia ilivyofika Tanga ilibidi ipande baiskeli kama sisi wengine.

Wale watetezi walikuwa kama 1,000 tu, na wengi wao sio Wajerumani, ni askari Waafrika, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani. Mchana wa tarehe 4 ndo ikawaka, kwenye mashamba ya kule nje ya mji, kwenye lile bonde la reli, mpaka baadhi ya Wakashmiri na Waingereza wakafika majumbani kabisa katikati ya mji wakapigana nyumba kwa nyumba. Na nyuki nao. Kwenye miti kulikuwa na mizinga, risasi zikaipasua, nyuki wakatoka na hasira zao wakaanza kuuma kila mwenye nyama, wa upande huu na wa upande ule. Kuna Waingereza walioamini kabisa kwamba Mjerumani kawatega nyuki kwa kamba. Hakuna cha kamba, nyuki wa Tanga hawakuwa na upande. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wameacha nyuma bunduki za rashasha 16, mamia ya bunduki za kawaida na malaki ya risasi, na watu zaidi ya 800 wameuawa au kujeruhiwa. Jenerali wao Aitken alikuja akidhani kazi nyepesi, akarudi akashushwa cheo mpaka kanali. Mji wenyewe walikuja kuupata Julai 1916, wakati Wajerumani wanasogea kusini.

Hiyo ndo habari. Imeandikwa vitabu na vitabu huko nje, vyuo vya jeshi wanaisoma jinsi usivyotakiwa kuvamia ufukwe. Na imetokea hapa, kwenye viwanja tunavyochezea mpira.

Sasa nirudi kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu, maana hiyo ya mzungu ilinichoma lakini iliyonimaliza ni ya mtoto.

Nina mtoto wa kaka yangu, yupo darasa la sita, mdomo wake hauna breki. Jumamosi moja nikampakia pamoja na wenzake wawili nikasema leo nawatembeza, nyinyi msije mkauza asali kama mimi. Tukaanza bustani ya Jamhuri, pale wanapenda kwa sababu ya upepo na wanaona bandari, nikawaonyesha mnara wa saa, nikawaonyesha kwa mbali Toten, kile kisiwa kilicho katikati ya bandari chenye magofu na makaburi ya zamani. Tukapita Bombo tukaliona lile jengo la hospitali la Wajerumani juu ya jabali linavyoliwa na mizizi, mtoto mmoja akauliza kama lina majini nikamwambia lina popo. Alafu tukaenda kwenye makaburi, siku hiyo bahati nzuri wazi.

Wakaingia, wanasoma mawe. Majani yamekatwa, pasafi, sina neno hapo, anayefyeka anafyeka kweli. Yule wa kwangu akawa anapita jiwe kwa jiwe na kidole, anajisomea kwa kujikaza yale majina ya kizungu, anayatamka kama yameandikwa Kiswahili, wenzake wanacheka. Alafu akasimama akaniita.

"Baba mdogo, mbona hakuna Hamisi?"

Nikamwambia Hamisi gani. Akasema, "Hamisi yeyote. Au Juma. Au Mhina. Si ulisema hata Waswahili walipigana?"

Nikatafuta jibu sikupata, nikamwambia twende tukanywe madafu.

Wakubwa zangu, hapo ndo penyewe. Mtoto wa darasa la sita ameona kitu ambacho huko Uingereza imewachukua zaidi ya miaka mia kukiri. Mwezi wa nne mwaka 2021 ile tume yao inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikasema yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wao wa ulinzi akasimama bungeni akaomba radhi. Nilisoma mara tatu nikadhani nimekosea sifuri. Maana yake haikuwa bahati mbaya, ni watu walikaa ofisini wakaamua huyu jiwe, huyu jina, huyu majani.

Na kwenye hesabu hiyo sio wenye bunduki tu, wamo na wapagazi, wabeba mizigo wa jeshi. Vita yote ile ya Afrika Mashariki ilibebwa kichwani, hakuna lori linalopita porini masika, kila gunia la mchele na kila sanduku la risasi ni shingo ya mtu. Upande wa Waingereza peke yake wanakadiria wapagazi kama 95,000 walikufa, wengi wala sio kwa risasi, kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa, kwa mzigo. Dar pale walipokuwa wanakaa hao wapagazi, kwa Kiingereza wanaitwa Carrier Corps, sisi tukatamka tulivyoweza ndo ikawa Kariakoo. Watu wanakwenda Kariakoo kununua vitenge na betri kila siku ya Mungu, wanasimama juu ya jina la jeshi la wabeba mizigo. Hata hilo nililijua nina miaka arobaini.

Nikasema ngoja nione wenzetu wamefanyaje. Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa na safari ya Dar kufuata spea, nikakaa siku mbili zaidi. Nikaenda pale Posta kwenye sanamu ya Askari, ile ambayo mzee wangu alikuwa anaiita Bismini. Nimeipita mara ngapi ndani ya daladala sijawahi kushuka. Safari hii nikashuka, nikavuka barabara roho mkononi maana pale magari hayana huruma, nikasoma. Kuna maandishi mpaka ya Kiswahili, yanawataja askari wa Kiafrika, yanawataja wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, alafu yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watakumbuka jina lako. Nikaizunguka sanamu yote mara mbili natafuta hilo jina. Hamna. Ni ya mwaka 1927, imetengenezwa Uingereza, ahadi ya jina ipo, jina lenyewe halipo. Lakini nawapa heshima yao, angalau wametaja, na wametaja kwa Kiswahili, mtu wa kijiwe kama mimi nasoma naelewa. (Kabla ya hiyo pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, yule Mjerumani aliyekuja kuzima vita ya pwani. Waingereza wakaing'oa, ikaenda kusimamishwa Hamburg, na huko nako mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha. Jamaa hakupata pa kusimama.)

Kurudi nikapitia Bagamoyo kwa shemeji yangu. Pale ufukweni kuna vitu viwili havipo mbali, cha kwanza makaburi ya Wajerumani waliokufa wakati wa hiyo vita ya pwani iliyoongozwa na Abushiri, kila mmoja na kaburi lake. Cha pili ni jiwe linalosema hapa ndipo wakoloni wa Kijerumani walipokuwa wanawanyonga Waafrika waliowapinga. Nilikaa pale muda mrefu, upepo wa kusi unavuma, wavuvi wanatengeneza nyavu. Waliozikwa wana majina, walionyongwa ni "Waafrika". Ukitembea hatua zako kutoka huku kwenda kule unaona hesabu yote bila kufundishwa na mtu. Na bado nikasema, Bagamoyo wameweka jiwe! Jirani zetu Pangani hapo ndipo aliponyongwa Abushiri mwenyewe Desemba 1889, na Abushiri tunalijua jina lake kwa sababu alikuwa mkubwa, je waliokuwa nyuma yake?

Songea sijafika, lakini kila tarehe 27 Februari naona kwenye taarifa wanavyowakumbuka wale mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, kwa majina yao, ukoo kwa ukoo, wajukuu wanakuja, na mwaka 2023 rais wa Ujerumani alikwenda mpaka kule akainamisha kichwa akaomba msamaha. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Inawezekana, wenzetu wameweza.

Najua mtanijibu nini, na mwenzangu mmoja kijiweni kashanijibu kwa niaba yenu. Alisema we Mtanga vipi, hiyo ilikuwa vita ya wazungu, wamegombania mali yao ya wizi, askari wenyewe walikuwa vibaraka, wengine ndo hao hao waliotuchapa viboko na kuchoma vijiji wakati wa Majimaji, sasa unataka uwawekee jina ili iweje? Na hana kosa kwa kweli, nimelala na hilo swali siku kadhaa. Lakini nasema hivi, mi sijasema tuwaite mashujaa. Tuna siku yetu ya Mashujaa tarehe 25 Julai, tuna watu wetu wa Kagera, hao ndo mashujaa bila mjadala. Hawa wa 1914 wengine walikwenda kwa mshahara, wengine walikamatwa shambani wakafungwa kamba, wengine sijui walifikiria nini. Mi nachotaka waandikwe kwamba walikuwepo. Mtu anaweza kuwa kibaraka na bado akawa na mama aliyemsubiri. Na mpagazi yule wala hakuwa kibaraka wa mtu, alikuwa ni mgongo tu.

Alafu msiseme majina yamepotea yote. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilitoa hela kuwalipa askari wazee waliokuwa hai bado huku kwetu, sasa unamlipaje mtu asiye na jina? Karatasi zipo mahali. Kuzitafuta ndo kazi yenu, mimi na bajaji yangu siwezi kufika Berlin.

Ninachoomba kwanza wala sio kikubwa. Siombi jumba la makumbusho, siombi sanamu ya milioni mia, na tafadhalini sana sitaki kamati, kamati itakunywa maji ya chupa mpaka mwaka uishe. Naomba kibao. Sehemu zote nilizopita na watoto, maandishi niliyoyakuta yanaongea na mtu aliyekuja na ndege. Kiingereza, Kijerumani. Kile cha kumwambia mtoto wa Mwanzange hapa palitokea nini, kwa lugha anayotukanwa nayo na mama yake, sikukiona. Kibao cha Kiswahili pale waliposhukia Raskazone, kingine kwenye reli, kingine hata kidogo tu pale Kange, nasi madereva tutakitunza, nani atang'oa bati mbele ya bajaji arobaini?

Na hilo geti. Andikeni namba ya simu kwenye geti, mtu akija apige. Au mumpe ufunguo wa akiba yule mama wa mihogo, yeye hajawahi kwenda msibani siku nzima, namuona pale kila siku mvua jua. Nasema utani lakini sio utani.

Jingine ni sisi wa bajaji na bodaboda. Mkituita siku moja tu, asubuhi moja, mkatuhadithia kama nilivyohadithiwa mimi barazani, Tanga nzima itakuwa na waongoza wageni mamia ambao hamuwalipi hata senti. Sasa hivi mgeni akisema nataka makaburi ya vita, jamaa zangu wengine wanampeleka makaburi ya kawaida, na mmoja nimesikia alimpeleka mgeni Amboni mapangoni akamwambia wazungu walijificha humo. Mgeni akapiga picha akafurahi. Mi sikufurahi. Amboni ina utamu wake wa kutosha haina haja ya uongo, na Tongoni nako na yale makaburi yake ya nguzo ya Waswahili wa zamani, hiyo ni barua nyingine siku nyingine.

Sasa la mwisho, na hili msije mkanikasirikia. Mi sikusubiri. Mwezi uliopita nilichukua mbao ya mninga iliyobaki kwenye kitanda cha binti yangu nikapeleka kwa fundi anayeandika vibao vya maduka. Mwalimu alinisaidia kupanga maneno. Fundi anatoza kwa herufi, kwa hiyo ilibidi tubane, mwalimu anaongeza mi napunguza, tumebishana jioni mbili nzima kuhusu neno moja. Mtoto wa kaka akataka lazima nyuki waingie. Kimetoka hivi, rangi nyeupe juu ya nyeusi:

HAPA TANGA, 2 HADI 5 NOVEMBA 1914, WAINGEREZA NA WAJERUMANI WALIGOMBANIA MJI USIO WAO. WALIKUFA WAZUNGU, WAHINDI NA WAAFRIKA. NYUKI WALIUMA WOTE. MAJINA YA WAPAGAZI HAYAKUANDIKWA.

Fundi aliandika "waligombania" akakosa nafasi, herufi za mwisho zimebanana kidogo, ila inasomeka. Nimeipiga vanishi mara mbili kwa ajili ya chumvi ya bahari.

Ningekwenda kuipigilia usiku lakini naogopa kukamatwa kwa kubandika tangazo bila kibali, na mimi nina familia. Kwa hiyo ipo nyuma ya mlango nyumbani, imefunikwa na shuka. Nambieni niipeleke wapi, na nije saa ngapi ili nimkute mwenye ufunguo.

Wenu,
Dereva wa bajaji, Tanga